Sababu Namba Nne

Jumamosi Bořek aliisasisha kompyuta,
akangoja hadi asilimia tisini na tisa,
ikakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga.
Halafu ikawaka. Sura mpya, herufi nyembamba,
na waifai ikaanza kuweweseka.

Ipo. Haipo. Ipo.
Vile vistari vitatu pembeni mwa kioo
vinajaa, vinapukutika,
nami niko katikati ya kesi ya mwizi wa baiskeli,
maana kazi yangu ni kunakili sauti za mahakama ya wilaya.
Hakimu anasema: mshtakiwa aeleze alikuwa wapi usiku wa
basi.
Kiduara kinazunguka.

Bořek akasema, niachie.
Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu Oktoba,
tangu walipozima tanuri la mwisho kiwandani
na Ostrava nzima ikanukia hewa safi,
harufu ngeni kwetu.

Kwanza alilaumu mikrowevu.
Tukala viporo vya baridi siku mbili.
Akaishusha ruta juu ya friji,
akaipandisha kabatini, akaining'iniza kwa kamba ya kiatu
kwenye msumari wa picha ya mama yake,
mama akakaa sakafuni, akitazama ukuta.
Chaneli ya sita, ya kumi na moja, ya kwanza.
Akafuta nywila, akaiandika upya
akiitamka herufi kwa herufi kama anayemfundisha mtoto.
Akagonga kwa Bi Halamová, ghorofa ya tatu,
kumwomba azime ya kwake robo saa tu;
akarudi na kipande cha keki ya mbegu za popi
na habari zote za goti lake.

Ipo. Haipo.

Usiku wa manane nikamkuta jikoni, amevaa koti,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
anasoma lile daftari ambamo mashine hujiandikia siri zake,
kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari,
kama alivyokuwa akisoma geji za tanuri.

Njoo uone, akasema.
Saa tano na dakika sita: imekatwa, sababu namba nne.
Saa tano na kumi na moja: imekatwa, sababu namba nne.
Kurasa kwa kurasa. Nne, nne, nne.
Akaitafuta maana yake kwenye simu,
akakaa nayo kidogo kabla ya kunisomea:
kwa kutokuwa na shughuli.

Hatukucheka.
Barua ya kiwandani iko kwenye droo ya vijiko.
Ina maneno marefu zaidi, muhuri,
shukrani za miaka ishirini na sita,
lakini ukiikamua, hutoka tone lile lile.
Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Hiki kilikuwa na namba.

Mfumo mpya, akanieleza, unabania umeme.
Ukinyamaza kidogo, ukimngoja shahidi anayekohoa,
ukienda kukoroga chai,
kadi ya waifai inajilaza.
Ruta inaita, inaita tena,
inalifuta jina lake, inaendelea na maisha.
Haikuharibika, akasema. Imelazwa.
Wala hakuna aliyeiuliza kama imechoka.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kienyeji:
amri fupi kwenye dirisha jeusi,
na mashine ikaanza kubisha mlangoni kwa ruta kila sekunde.
Hodi. Milisekunde tatu.
Hodi. Milisekunde nne.
Hodi.
Haina ujumbe, haiombi chumvi,
inataka kujibiwa tu.
Ikashika hadi asubuhi.

Ya pili ilikuwa mstari mmoja ndani ya faili moja:
kubania umeme, hapana.
Akaizima, akaiwasha. Vistari vitatu, wima.
Mwizi wa baiskeli akamaliza sentensi yake:
alikuwa kwa dada yake, anadai, akichambua maharage.

Mama amerudi msumarini, amepinda kidogo.
Betri sasa huisha saa mbili mapema,
na Bořek anasema kukaa macho si bure.
Nami nimeshika tabia. Navua visikilizio,
napaza sauti kupitia ukuta, sina ninalotaka:
Bořek?
Siku nyingine hukawia.
Nini?
Hamna.